Vifuniko Kumi na Viwili

Mdogo wangu Britta aliomba kusomea udaktari wa meno mara mbili. Mara ya kwanza aliandikia vyuo saba, na vyote saba vikamkataa. Majibu yalimjia kwenye kompyuta, moja moja, kuanzia Desemba mpaka mwishoni mwa Machi, na kila chuo kilimshukuru kwa moyo wake wa kujituma. Kufikia lile la saba alikuwa hafungui tena. Alinipa mimi kompyuta, akageukia ukutani, akasema, "Soma wewe. Ukinyamaza nitajua."

Nikanyamaza.

Alama alikuwa nazo, na mtihani wa kujiunga alifaulu vizuri. Tangu akiwa na miaka kumi na sita alikuwa akisafisha vifaa kwenye kliniki ya meno hapa Duluth, mjini kwetu kando ya ziwa kubwa, mitaa miwili kutoka nyumbani. Hamu ya kazi hiyo aliipata kwa baba. Baba yetu, Arvo Kettunen, alipakia madini ya chuma kwenye meli maisha yake yote na hakuogopa baridi wala urefu, ila kiti cha daktari wa meno kilimtoa jasho. Gego lilipomwoza alijifungia gerejini akaling'oa mwenyewe kwa koleo. Siku ya nne shingo ilikuwa imevimba hata mate hayapiti. Britta ndiye aliyekaa naye ndani ya gari la wagonjwa, akamsikia akikoroma kama mtu anayezama. Baba alipona, lakini mdogo wangu hakurudi kuwa yule yule. Alikuwa na miaka kumi na mitano.

Sasa, baada ya kukataliwa, alianza kutafuta kosa liko wapi. Akalipata mtandaoni, kwenye ukumbi ambao waombaji wenzake hupeana habari na kutishana. Mtu asiye na jina wala picha alikuwa ameandika: "Huna utafiti? Usijisumbue." Chini yake watu mia mbili walikuwa wamekubali.

"Watu mia mbili hao hawajang'oa hata jino la mbwa," alisema Renita Stubblefield. Renita alikuwa mwenzake pale kliniki, na mwaka ule ule yeye alipata chuo katika jaribio la kwanza. "Mimi darubini nimeiona kwenye televisheni. Mbona wamenichukua?"

"Wewe una bahati."

"Bahati gani? Nimeshika vikombe vya mate ya watu miaka sita! Britta, acha kusoma vitisho vya watoto. Kama unapenda maabara, nenda. Kama unaogopa tu, kaa hapa unisaidie kufuta viti."

Britta alicheka, lakini jioni ile ile alimwandikia Profesa Ottilie Brandvold kuomba kazi ya bure kwenye maabara yake.

Dokta Brandvold alikuwa mama mrefu, mkavu, asiyemaliza sentensi kama jicho linatosha. Alikuwa akipima vanishi mpya, dawa ya kupaka kwenye meno ya watoto ili yasioze. Walichukua meno yaliyong'olewa, nusu wakayapaka vanishi na nusu wakayaacha, yote wakayatia bakteria. Kisha maji ya kila jino yalimwagwa kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, na baada ya siku mbili Britta alihesabu madoa yaliyoota. Kila doa ni kundi la vijidudu. Madoa machache maana yake vanishi imefanya kazi.

Alihesabu madoa kwa mwaka mmoja na nusu. Aliniambia anayaona hata usingizini. Matokeo yalikuwa mazuri, na jina lake likaandikwa, la nne, kwenye bango lililobandikwa katika mkutano wa wataalamu huko Chicago. Akaomba vyuo tena, safari hii akijaza saa mia tisa za utafiti. Mwanzoni mwa Oktoba chuo kimoja cha kusini ambacho mara ya kwanza hakukiomba, mwendo wa saa sita kwa gari, kikamwita kwenye usaili.

Nilimpigia makofi jikoni. Tuliagiza piza. Nilidhani shida zetu zimekwisha.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kabla ya usaili. Nilirudi kutoka kazini saa kumi jioni, nikamkuta amekaa mezani na koti lake bado mwilini. Mbele yake kulikuwa na daftari la maabara, lile la mwaka wake wa kwanza. Alilichukua ili ajikumbushe, wasije wakamuuliza jambo akakwama.

"Sonja," alisema, "soma hapa."

Ulikuwa mstari mmoja pembeni ya ukurasa, wa mwezi Mei, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Vifuniko vilianguka. Nimevirudisha.*

"Sawa. Vilianguka, ukavirudisha. Kuna nini?"

"Lebo nilikuwa nimebandika kwenye vifuniko."

Sikuelewa. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Lebo hubandikwa chini ya kisahani, kwa sababu kifuniko kinaweza kuhama. Yeye wakati ule alikuwa mgeni, hakujua, akabandika juu. Siku hiyo alibeba visahani kumi na viwili kwa mpigo, mkono ukateleza, vifuniko vyote vikatawanyika mezani. Ndipo akavirudisha.

"Nilijuaje kipi ni cha kipi?" aliniuliza. "Sonja, nilijuaje? Sita vilikuwa vya vanishi, sita havikuwa. Nimekaa hapa tangu mchana nikijaribu kukumbuka. Nafikiri nilitazama vile vyenye madoa machache nikasema, hivi lazima ni vya vanishi."

"Lakini ni kumi na viwili tu. Mmehesabu mamia."

"Hivyo kumi na viwili ndivyo vinavyobeba kila kitu. Tofauti kubwa imetoka humo. Nimepiga hesabu bila hivyo." Akafunga daftari. "Bila hivyo hakuna kitu."

Hapa lazima niseme nilichokisema mimi, ingawa ningependa kukiruka. Nilivuta kiti nikamshika mikono, ilikuwa ya baridi kama samaki, nikamwambia, "Nyamaza kwanza. Fanya usaili wako. Barua ya kukusifia imeandikwa na Brandvold, akikasirika ataiondoa, na chuo kitakuona mwongo. Ukishaingia ndipo utasema."

"Na wakiniuliza?"

"Wakuulize nini? Nani anajua habari za vifuniko?"

Nafikiri alitaka nimwambie kinyume chake.

Siku zilizofuata hofu iliingia nyumbani kwetu kama mgeni aliyehamia. Britta hakula. Alikunywa maji na kutafuna biskuti za chumvi juu ya sinki, amesimama. Simu ikilia anaruka. Aliacha kwenda maabara, akasingizia mafua, kisha akaogopa kwamba uwongo wa mafua nao utagundulika. Asubuhi moja nilimkuta bafuni ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea, akisema peke yake kwa sauti ya chini, akijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza.

Siku ya tano ukaja ujumbe kutoka kwa Dokta Brandvold. Ulikuwa mfupi: *Pita ofisini kwangu kabla hujasafiri. Ni muhimu.*

"Amejua," alisema Britta.

"Hajajua."

"Hawezi kuandika 'ni muhimu'. Hajawahi kuandika hivyo. Amejua, Sonja."

Nilimpeleka kwa gari, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kushika usukani. Nilimsubiri nje ya jengo, upepo wa ziwa ukilitikisa gari. Nilihesabu dakika kumi na saba. Alipotoka alitembea kama mtu aliyegongwa kichwani, ameshika karatasi moja.

"Amekufukuza?"

"Amenipongeza."

Jarida lilikuwa limekubali kuchapa utafiti wao. Zaidi ya hapo, vibali vilikuwa vimepatikana, na kuanzia Januari vanishi ingepakwa kwenye meno ya watoto wa shule mbili za msingi hapa mjini. Watoto mia moja na ishirini. Kwa miezi kumi na minane wangepakwa hiyo tu, badala ya dawa ya kawaida wanayopakwa kila mwaka. Dokta Brandvold alitaka Britta apate habari hiyo nzuri ya kuwaambia wasaili.

"Ukamwambia?" niliuliza.

"Alinishika bega, Sonja. Hajawahi kumshika mtu bega. Nikasema ahsante."

Nilichukua karatasi. Ilikuwa na majina ya shule mbili. Ya kwanza niliisoma mara mbili, maana niliijua vizuri mno. Mimi ni dereva wa basi la shule. Watoto arobaini na watatu wa shule ile hupanda basi langu kila siku ya kazi.

"Rudi ndani," nikamwambia. "Rudi ndani umwambie sasa hivi."

"Wewe ndiye uliyeniambia ninyamaze!"

"Nilikuwa mjinga. Rudi."

"Kwa sababu ni watoto wako, sasa ndiyo unaona? Juzi walipokuwa madoa kwenye kisahani ulinifunga mdomo!"

"Britta, mtoto akioza meno mwaka mzima na nusu na kila mtu anadhani amekingwa..."

"Unaniambia mimi? Mimi niliyekaa na baba kwenye lile gari?" Alikuwa analia sasa, kamasi zinamtoka, hajifuti. "Nitasema. Nikitoka kwenye usaili. Ni siku nne tu. Niache siku nne."

Nikamwacha. Ningeweza kumpigia Brandvold mwenyewe, namba yake ilikuwa kwenye ile karatasi. Sikupiga. Siku nne zile niliendesha basi nikiwatazama watoto kwenye kioo cha juu. Kuna kasichana kanaitwa Odalys, kana mapengo mawili mbele, hupenda kunionyesha jino linalolegea kwa kulisukuma na ulimi. Nilikuwa nikikaogopa. Kakipanda, mimi naangalia barabara.

Tuliondoka alfajiri ya siku ya usaili. Mvua ilinyesha njia nzima, mashamba ya mahindi yamekwisha kuvunwa, na Britta hakusema neno ila mara mbili aliniomba nisimame akatapike. Tulipofika alibadilisha viatu ndani ya gari. Suti ilikuwa yangu, ilimpwaya mabegani.

"Nikianguka?" aliuliza.

"Hutaanguka."

"Sisemi kufeli. Nasema kuanguka. Miguu siisikii."

Yaliyotokea ndani alinisimulia baadaye, na nimemwomba anirudie mara nyingi mpaka nayaona.

Msaili alikuwa Dokta Pelletier, mzee mwenye nywele nyeupe na sauti ya pole, aliyemkaribisha maji na kumuuliza habari za mvua. Waliongea juu ya kliniki, juu ya vifaa alivyosafisha, juu ya wagonjwa wanaoshika mkono wa msaidizi. Britta akaanza kupata pumzi. Ndipo mzee akatoa karatasi kwenye faili. Ilikuwa nakala ndogo ya lile bango la Chicago.

"Nimelisoma," alisema. "Tofauti kubwa hivi huwa siioni mara kwa mara. Nina swali moja tu. Wewe ndiye uliyehesabu. Una hakika nayo kiasi gani?"

Britta anasema jibu alilokuwa amelifanyia mazoezi lilikuwa tayari mdomoni, zuri, lenye maneno makubwa, na alifungua mdomo ili alitoe.

"Sina hakika," alisema.

"Kwa namna gani?"

"Nilichanganya vifuniko. Visahani kumi na viwili. Bila hivyo tofauti haipo."

Dokta Pelletier aliweka kalamu chini. "Uligundua lini?"

"Siku tisa zilizopita."

"Profesa wako anasemaje?"

"Hajui."

"Hajui." Mzee alivua miwani. Ile pole ilikuwa imetoka usoni mwake yote. "Binti, umenieleza mimi, mtu usiyenijua, kabla ya kumweleza mwenye kazi?"

"Ndiyo."

"Na kazi hiyo imefikia wapi sasa?"

Akamwambia. Jarida, shule mbili, watoto mia moja na ishirini, Januari. Alipomaliza, mzee aliinuka akafungua mlango.

"Toka nje umpigie simu," alisema. "Sasa. Usirudi humu mpaka umeongea naye."

Alipiga simu akiwa kwenye korido, uso ameuelekeza kwenye kabati la vioo lenye mafuvu ya kufundishia. Waombaji wengine walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamevaa vizuri, wanasikia kila neno. Dokta Brandvold alipokea mara moja. Britta alisema yote kwa mkupuo mmoja. Upande wa pili kukawa kimya. Kimya kile, anasema, ndicho kitu kilichomtisha kuliko vyote maishani, kuliko hata koromo la baba.

"Daftari liko wapi?" Brandvold aliuliza mwishowe.

"Ninalo."

"Jumatatu saa mbili asubuhi. Uje nalo. Usiandike kitu humo, usifute kitu." Akakata.

Britta alirudi ndani akasema ameshaongea. Dokta Pelletier akamshukuru kwa kuja. Usaili ulikuwa umebakiza dakika ishirini, lakini hakuuliza swali jingine lolote.

Nilimwona akija kwenye maegesho bila mwavuli. Aliingia garini, akafunga mkanda, akasema, "Nimewaua wote wawili kwa siku moja. Chuo na Brandvold." Kisha akalala usingizi mzito mpaka tulipoliona ziwa.

Jumatatu nilimsindikiza mpaka mlangoni. Dokta Brandvold alisoma ule mstari wa Mei akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Alimuuliza Britta mambo manne au matano, akaandika majibu, kisha akachukua simu mbele yake akaliambia jarida lisichape, na akaziambia shule zisubiri. Ilimchukua chini ya dakika kumi. Baadaye akaketi, na Britta anasema ghafla alionekana mzee.

"Barua yako ya mapendekezo nitaibadilisha," alisema. "Nitaandika lililotokea."

"Naelewa."

"Huelewi. Jina langu liko juu ya lako. Daftari hili nililitia saini mwezi Juni, tazama, saini yangu hii hapa, kwenye ukurasa huu huu. Nilitia saini bila kusoma, kwa sababu namba zilikuwa zinanipendeza." Akalisukuma daftari. "Vaa koti la maabara. Tunaanza upya."

Walianza upya. Novemba yote mpaka katikati ya Desemba, lebo chini ya kisahani, watu wawili wakihesabu bila kujua kipi ni kipi. Nilidhani Britta ataichukia maabara, lakini aliniambia hofu humo ilikuwa na mipaka: ama madoa yapo, ama hayapo. Nje ya maabara ndiko ilikokuwa haina ukingo. Kabla ya Krismasi jibu likatoka. Vanishi ile haikuwa bora kuliko kutopaka kitu. Watoto wangepakwa bure mwaka mzima na nusu. Mpango wa shule ukafutwa kwa barua ya mistari mitatu ambayo hakuna mzazi aliyeijali. Odalys akapakwa dawa ya kawaida, akaja kunionyesha jinsi meno yanavyonata.

Vyuo vingine vyote havikumwita. Kile cha Dokta Pelletier kilimweka kwenye orodha ya wanaosubiri. Januari hakuna neno. Machi hakuna neno. Aprili nilimkuta akizima na kuwasha simu kuhakikisha haijaharibika. Alikuwa amekwisha kubali kazi ya kudumu ya usaidizi kliniki walipompigia, wiki ya pili ya Juni, mchana, akiwa ameshika bomba la kunyonya mate ndani ya kinywa cha mgonjwa. Kuna mwombaji aliyejitoa. Alipewa saa arobaini na nane kujibu. Alijibu kwa dakika tatu, kisha akanipigia akaniambia kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Sasa yuko mwaka wa pili. Mwezi uliopita alikutana na Dokta Pelletier kwenye korido ile ile, akajipa moyo akamuuliza jambo lililokuwa likimla tangu mwanzo: je, ule utafiti ulimsaidia kuingia, au la?

"Tulikuwa wanne mezani," alisema mzee. "Wawili walisema mtu aliyeficha siku tisa asishike kinywa cha mgonjwa. Wawili tulisema tofauti. Ndiyo maana ulikaa miezi minane. Darasa lenu lina watu themanini, na karibu nusu yao hawajawahi kukanyaga maabara. Kwa alama zako na ile miaka ya kliniki, bila utafiti ungepata jibu Desemba."

"Kwa hiyo utafiti ulinidhuru?"

"Ulikuchelewesha," alisema. Akaendelea na safari yake.

Britta alinisimulia haya kwenye simu. Nilitaka kucheka, nikangoja nimsikie yeye kwanza, na nikasikia kweli anacheka, kicheko kile cha zamani cha pale kliniki na Renita. Nikamwambia basi nami niseme langu, kwamba sijawahi kumwomba radhi kwa yale niliyomshauri jikoni.

"Ningenyamaza hata usingeniambia," alisema. "Niliogopa, Sonja. Wewe ulinipa sababu tu."

Sijui kama hiyo ni kunisamehe. Nilikuwa naendelea kutafuta la kusema aliponiambia lazima akate, ana mgonjwa wake wa kwanza kabisa wa kung'oa saa nane, bibi mmoja wa miaka sabini, na yeye mwenyewe tayari alikuwa amechana jozi mbili za glavu akijaribu kuzivaa.